Katharine Hepburn, mwigizaji aliyebishana na wanaume hadi mtoni Ruiki

Mwaka 1951, Mmarekani Katharine Hepburn alifika Kongo, wakati huo koloni la Ubelgiji. Kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu katika Tshopo ya leo, alicheza filamu The African Queen pamoja na Humphrey Bogart: dada wa mmisionari na nahodha mlevi wanagombana ndani ya mashua hadi wanapendana. Ugonjwa wa kuhara ulimsumbua sana, lakini alimaliza kazi.

Ugomvi wa namna hiyo ndio uliomjengea jina. Alizaliwa tarehe 12 Mei 1907 mjini Hartford. Mama yake alipigania haki ya wanawake kupiga kura. Mwaka 1938, wenye majumba ya sinema walimtaja kati ya waigizaji wanaowatia hasara. Miaka 2 baadaye alirudi kwa kishindo na The Philadelphia Story.

Na Spencer Tracy alicheza filamu 9. Katika Adam's Rib ya 1949, ni mke na mume: yeye ni avoka wa mwanamke aliyempiga risasi bwana yake mzinzi, mume ndiye mwendesha mashtaka. Mchana wanapingana mahakamani, jioni wanapika pamoja. Utamu ulikuwa hapo: hakuna aliye mkubwa wa mwenzake.

Nje ya kamera haikuwa rahisi. Tracy alikuwa na mke, na hakumtaliki. Hepburn alimuuguza hadi kifo chake mwaka 1967, lakini hakuenda mazishini, kwa kuheshimu familia.

Alifariki tarehe 29 Juni 2003, akiwa na miaka 96 na tuzo 4 za Oscar za mwigizaji bora wa kike.