Abebe Bikila, Mkimbiaji wa Pekupeku

Kila tunapozungumzia timu za riadha za shule za Karatu na Mbulu, majina yanayotajwa kwanza ni ya Filbert Bayi na John Stephen Akhwari. Lakini aliyewatangulia wote kuipa sifa Afrika Mashariki ni Mwethiopia, Abebe Bikila.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti, 1932, katika kijiji cha Jato, akawa askari katika kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko ndiko Mswidi Onni Niskanen alikomfundisha mbio. Mwaka 1960, mjini Roma, alikimbia marathoni ya Olimpiki pekupeku, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 1964, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, alishinda tena mjini Tokyo. Kabla yake hakuna aliyeshinda mbio hizo mara mbili.

Huko Mexico, mwaka 1968, aliumwa mguu akaacha mbio njiani. Mwenzake Mamo Wolde alishinda, na Akhwari wetu, goti likiwa limejeruhiwa, alimaliza wa mwisho. Mwaka uliofuata gari la Bikila lilipinduka, akapooza miguu. Hakukata tamaa; akiwa katika kiti cha magurudumu alishindana kulenga shabaha kwa upinde. Alifariki tarehe 25 Oktoba, 1973, akiwa na umri wa miaka 41.

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, vijana wanaokimbia katika vilima vyetu wasimuliwe ushindi wake, na miaka yake ya mwisho pia.