Abebe Bikila, Mshindi Aliyekimbia Peku

Katika nyanda zetu hizi za kati, mtoto anayekwenda peku hamshangazi mtu. Lakini ulimwengu ulishangaa mwaka 1960 huko Roma, askari wa ulinzi wa Mfalme Haile Selassie, Abebe Bikila, aliposhinda marathoni ya Olimpiki bila viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Alimalizia penye Tao la Konstantino, katika mji mkuu wa taifa lililoivamia Ethiopia mwaka 1935. Wazee wa nchi yake walielewa maana yake bila kufafanuliwa.

Mwaka 1964, wiki chache baada ya kupasuliwa kidole tumbo, alishinda tena mjini Tokyo, safari hii akiwa amevaa viatu. Mexico 1968 mguu ulimsaliti, akaacha njiani. Katika mbio hizo hizo ndipo John Stephen Akhwari, jirani yetu wa Mbulu, alipochechemea hadi mwisho.

Kwa maoni yetu, sehemu nzito ya maisha yake ilianza Machi 1969, gari lake lilipopinduka. Miguu iliyobeba sifa ya bara zima haikusimama tena. Hatutaki kumfanya malaika. Bila shaka alilia. Hata hivyo, mwaka 1970 alikuwa Stoke Mandeville, Uingereza, akishindana kulenga shabaha kwa upinde, ameketi katika kiti cha magurudumu.

Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na miaka 41. Amezikwa Addis Ababa, katika makaburi ya Mtakatifu Yosefu.