Maria Theresa, Malkia wa Reale

Yuko malkia mmoja wa Ulaya ambaye hakukanyaga Afrika hata siku moja, nayo sura yake ilijulikana Unguja, Lamu, Uarabuni na Uhabeshi. Jina lake ni Maria Theresa, na sarafu yake wazee wa pwani waliiita reale ya Shamu. Napenda kuwasimulia wasomaji wenzangu maisha yake, maana sarafu hiyo mara nyingi twaisikia kwa neno moja tu katika somo la historia, kisha twaendelea na habari za misafara.

Alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, tarehe 13 Mei 1717. Baba yake, Kaisari Charles wa Sita, hakujaliwa mtoto wa kiume aliyeishi, basi alitumia miaka mingi kuwabembeleza wafalme wenzake wakubali kwamba bintiye atarithi nchi zake. Wakakubali, lakini kwa karatasi tu. Kaisari alipofariki Oktoba 1740, Maria Theresa alikuwa na umri wa miaka 23, tena mja mzito. Hazina ilikuwa karibu tupu, wala hakuwa amefundishwa kazi ya kutawala. Mwezi wa Desemba Frederick wa Pili, mfalme wa Prussia, akaingia kwa majeshi katika jimbo la Silesia. Wengine nao wakafuata, kila mmoja akitaka pande lake.

Malkia hakukimbia. Mwaka 1741 alitawazwa huko Pressburg kuwa mtawala wa Hungaria, na miezi michache baadaye akasimama mbele ya wakuu wa nchi hiyo kuomba askari, wakampa. Vita vilikwisha mwaka 1748. Silesia hakuipata tena, ila sehemu kubwa ya urithi wake aliishika.

Mumewe alikuwa Francis wa Lorraine, na walizaa watoto 16. Mmoja wao ni Marie Antoinette, yule malkia wa Ufaransa aliyekatwa kichwa mwaka 1793. Francis alipokufa mwaka 1765, Maria Theresa alivaa nguo za eda mpaka kufa kwake, na ndiyo sababu katika reale ile maarufu amejifunika ushungi wa mjane. Mwaka 1774 aliamuru watoto wote, wa kiume na wa kike, waende shule. Lakini tusimsifu kupita kiasi: mwaka 1744 aliamuru Wayahudi wafukuzwe katika mji wa Praha, na watu wasio na kosa wakahama wakati wa baridi kali.

Sasa nije kwenye fedha. Lugha yetu ina neno moja kwa madini ile na kwa pesa, nami naona si bure. Zamani sarafu ilikuwa na thamani kwa sababu ya madini iliyomo. Mfalme mwenye shida aliweza kuchanganya shaba nyingi zaidi na fedha kidogo, akalipa askari wake kwa sarafu hafifu. Lakini wafanyabiashara hugundua upesi, na bei hupanda. Mwaka 1753 Maria Theresa alipatana na Bavaria juu ya kipimo kimoja. Reale yake ilikuwa na uzito wa gramu 28, na ndani yake gramu 23.4 za fedha safi. Ukingoni palichorwa maneno, hivyo mwizi akiikwangua huonekana mara moja. Waarabu walikuwa na njia yao: walihesabu lulu 9 za kipini kifuani pa malkia. Zikipungua au zikiwa zimefutika, reale hiyo walikuwa na mashaka nayo.

Alifariki tarehe 29 Novemba 1780. Kwa desturi sarafu yake ingekoma hapo. Lakini wateja wa mashariki hawakutaka sura nyingine, basi mafundi wakaendelea kuipiga na mwaka ule ule 1780. Austria yenyewe ilipoacha kuitambua mwaka 1858, huku kwetu iliendelea kununua pembe na karafuu. Sultani Barghash wa Unguja alipiga reale zake mwenyewe mwaka 1882, na Mfalme Menelik wa Uhabeshi akapiga zake kuanzia 1894, lakini wala mmoja hakumshinda bibi yule.

Babu yangu mzaa mama, anayekaa hapa Babati mjini, ana kopo la shilingi za Afrika Mashariki zenye picha ya simba na kichwa cha Mfalme George wa Tano. Husema kwamba hizo ndizo pesa, na hizi za leo ni bati. Niliomba moja nikaipima kwa mizani ya maabara: gramu 7.7. Shilingi hizo, tangu 1921 hadi 1946, zilikuwa na fedha robo tu. Kwa hiyo zatakiwa shilingi kama 12 kupata fedha iliyomo katika reale moja. Babu alinyamaza kidogo, halafu akauliza reale hupatikana wapi. Sarafu yetu ya shilingi 500, iliyotoka mwaka 2014, huvutwa na sumaku kwa kuwa ndani ni chuma.

Hata hivyo nilimweleza kwamba fedha nayo huanguka. Baada ya Ujerumani kugeukia dhahabu katika miaka ya 1870, bei ya fedha duniani ilishuka mwaka hata mwaka. Mwaka 1893 India ilifunga viwanda vyake kwa wenye kuleta fedha ipigwe rupia, ili rupia isishuke nayo. Aliyekuwa amefukia reale chini ya kitanda alizikuta zote, hata moja haikupotea, lakini zilinunua kidogo kuliko alipozifukia.

Waitalia walipojiandaa kuivamia Uhabeshi mwaka 1935 walichukua haki ya kupiga reale hizo, nao Waingereza wakapiga zao, hata Bombay mwaka 1940 na 1941. Mpaka leo kiwanda cha Vienna huzipiga, zenye ushungi ule ule na mwaka 1780, na bei yake hufuata bei ya fedha ya siku hiyo.