Wangari Maathai, mama aliyeizuia ghorofa 60 Uhuru Park

Wasikilizaji wetu wa Msamala na vijiji vya jirani mara nyingi hutuuliza: eneo la wazi likishawekewa vigingi, mwananchi wa kawaida anaweza kufanya nini? Leo tunawaletea maisha ya mama mmoja wa nchi jirani ya Kenya ambaye swali hilo lilimkuta mlangoni.

Wangari Maathai alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Karibu na kwao palikuwa na mtini mkubwa ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake, na hapo karibu kilitoka kijito alichokuwa akichota maji. Alikwenda kusoma Marekani, na miaka mingi baadaye akakuta mtini umekatwa na kijito kimekauka. Sisi tunaoitazama milima ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Tarehe 5 Juni 1977 alipanda miti saba Nairobi, na huo ukawa mwanzo wa Green Belt Movement. Kina mama wa vijijini walikuza miche na kulipwa kidogo kwa kila mche uliopona.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1989. Alipata habari kwamba ndani ya Uhuru Park, bustani ambako watu wa Nairobi walikuwa wakipumzika na watoto wao bila kulipa, kutajengwa jengo la ghorofa 60 pamoja na sanamu ya Rais Moi. Chama tawala cha KANU kilikuwemo katika mradi huo, na wakati huo Kenya ilikuwa na chama kimoja tu.

Silaha yake ilikuwa barua. Aliandika kwa ofisi za serikali, kwa mashirika ya kimataifa, na kwa ubalozi wa Uingereza, akiuliza maswali mepesi: eneo ni la nani, na nani ameruhusu? Akaenda Mahakama Kuu, kesi ikatupwa. Bungeni wabunge walimkejeli, hata kuachika kwake kukaletwa kwenye mjadala, kana kwamba talaka ina uhusiano na bustani. Shirika lake lilifukuzwa katika ofisi ya serikali, akahamishia kazi nyumbani kwake.

Lakini barua zilikuwa zimefika. Wenye fedha wa nje walijiondoa na mradi ukafa. Mapema mwaka 1992 uzio ukaondolewa, na Wangari na kina mama wenzake wakaenda kucheza ngoma pale. Mwaka huohuo, kwenye bustani hiyohiyo, polisi walimpiga hadi akazimia, akiwa na kina mama waliodai watoto wao waliofungwa kwa siasa waachiwe.

Kisha ukaja msitu wa Karura, zaidi ya hekta 1,000 kandokando ya Nairobi, uliokuwa ukigawiwa kimyakimya kwa wajenzi. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda na wenzake kupanda mti nje ya geti. Wakashambuliwa na vijana wenye mapanga na marungu, yeye akapasuliwa kichwa. Kituoni, alipoandikisha maelezo, alitia alama kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo wakaandamana, na Agosti mwaka huo Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Karura bado ipo.

Mwaka 2002 alichaguliwa mbunge wa Tetu, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Alifariki kwa saratani tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameomba asikatiwe mti kwa ajili ya jeneza, hivyo lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Mazishi ya kitaifa yalifanyika tarehe 8 Oktoba, Uhuru Park.