Norman de Bruyne, mtu aliyeunganisha bati za ndege kwa kole

Kolwezi, karibu na mabaki ya madini ya Kingamyambo, fundi huunganisha chuma kwa moto ao kwa ribiti. Norman de Bruyne alitafuta njia nyingine.

Alizaliwa Chile mwaka wa 1904, akasoma Cambridge, Uingereza, na kuunda kampuni Aero Research huko Duxford. Alijua kwamba tundu la ribiti linaweza kuanzisha ufa. Lakini kole ya fenoli peke yake ilivunjika kama kioo. Mwaka wa 1941 aliiongezea unga wa plastiki, akabana bati katika joto: Redux ikapatikana.

Ndege za Dove, ambazo Force Publique ya Kongo ilitumia, ziliundwa kwa kole hiyo. De Bruyne alifariki mwaka wa 1997.