Nathaniel Baldwin: Alitengeneza hedifoni jikoni, akafa maskini

Siku hizi zipo hedifoni zinazokuwezesha kusikia honi ya bodaboda huku sauti ya ramani ikikuelekeza njia. Zinaongeza sauti bila kukuzibia ya nje. Lakini je, unamjua mtu aliyeanzisha safari hii?

Anaitwa Nathaniel Baldwin. Alizaliwa mwaka 1878 huko Fillmore, jimbo la Utah, Marekani, na baadaye akasomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Stanford. Alirudi Utah kufundisha, ila kazi haikudumu. Kanisa la Mormoni lilikuwa limeshapiga marufuku ndoa za wake wengi, yeye akashikilia kuwa bado ni halali. Akaondolewa.

Mwaka 1910 alilitumia Jeshi la Majini la Marekani hedifoni alizotengeneza mwenyewe. Enzi hizo redio hazikuwa na mtambo wa kukuza sauti, hivyo mawimbi yakifika dhaifu, mwendeshaji haambulii kitu. Baldwin aliweka kipande chepesi cha chuma katikati ya sumaku, kikatikisika hata kwa umeme kidogo sana. Jeshi lilipojaribu likakubali, likaagiza zaidi. Jamaa akajibu kwamba hawezi kutengeneza zaidi ya kumi kwa mkupuo. Kiwanda chake kilikuwa jikoni kwake!

Inasimuliwa kuwa alishauriwa kuusajili ubunifu wake wa hedifoni, akaona ni kitu kidogo tu.

Vita Kuu ya Kwanza ikaongeza oda, kisha redio zikaingia majumbani. Baldwin akafungua kiwanda Utah na pesa zikamiminika. Nyingi zilikwenda kwa wenzake waliotetea ndoa za wake wengi. Aliwapa kazi na kufadhili harakati zao. Kufikia 1924 kampuni ilikuwa imefilisika. Alipojaribu kuinuka tena kwa kuuza hisa, akajikuta mahakamani, na mwaka 1930 akatiwa hatiani kwa ulaghai kwa njia ya posta. Akatumikia kifungo cha takriban miaka miwili.

Alifariki mwaka 1961, mfukoni hana kitu.

Utaalamu wake, hata hivyo, haukuzikwa naye. Kile kipande cha chuma kati ya sumaku bado kinatumika kwenye vifaa vya wenye usikivu hafifu na kwenye baadhi ya hedifoni ndogo za kuchomeka sikioni. Huenda hata zako zinacho.