Disasi Makulo: mtoto aliyenunuliwa, mhubiri wa Yalemba

Kila tarehe 12 Juni, siku ya dunia ya kupinga kazi za watoto, tunasikia hotuba za serikali na za mashirika. Ni vema. Lakini sisi wa Tshopo tuna baba wa imani ambaye maisha yake yanafundisha kuliko hotuba.

Disasi Makulo alizaliwa karibu mwaka 1871 katika kijiji cha Bandio, upande wa Basoko. Angali mtoto alikamatwa na watu wa Tippu Tip, wale ambao wazee wetu waliwaita Batambatamba. Jamaa zake walileta pembe za ndovu ili wamkomboe, lakini hazikutosha. Mwishoni mwa 1883 Stanley alipanda mto mpaka kwenye maporomoko na kuweka kituo, ambacho ndicho mwanzo wa Kisangani yetu. Katika safari hiyo alinunua watoto kadhaa kutoka kwa wateka watu hao, na Disasi alikuwa mmoja wao.

Je, alikuwa huru sasa? Bado. Stanley hakumrudisha kwa mama yake. Alimshusha mpaka Kinshasa, akampa Mwingereza Anthony Swinburne awe mtumishi wake. Swinburne alipokufa, kijana akapokelewa na George Grenfell, mishenari wa Kibaptisti, akatumika naye. Mtoto alitoka mkono kwa mkono, na hakuna aliyemwuliza anataka nini.

Serikali ya Leopold II nayo ilijisifu kwamba inapigana na biashara ya watumwa. Lakini mwaka 1890 ilitoa amri ya kukusanya watoto waliokombolewa na mayatima, na wengi wao wakafunzwa uaskari. Kumtoa mtoto kwa bwana mmoja na kumpa mwingine siyo ukombozi.

Kwa Disasi mlango ulifunguka kwa njia nyingine. Alifundishwa kusoma, akabatizwa mwaka 1894. Mwaka 1902 Grenfell alimkabidhi kazi ya Yalemba, na yule aliyekuwa mali ya watu akawa mwalimu na mchungaji wa watu. Grenfell alikufa Basoko tarehe 1 Julai 1906, lakini kazi haikufa. Baadaye Disasi alirudi kuhubiri Bandio, kijiji alichozaliwa. Alifariki mwaka 1941, na maisha yake, aliyomsimulia mwanawe, yalichapwa kuwa kitabu mwaka 1983.

Ndugu, leo tuna sheria ambazo Disasi hakuwa nazo. Mwaka 2001 nchi yetu ilikubali mapatano mawili ya kimataifa juu ya kazi za watoto. Katiba ya 2006 inasema shule ya msingi ni ya lazima na ya bure. Sheria ya 10 Januari 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza kazi zinazomharibu. Sheria ni nzuri, lakini haiingii ndani ya ua wetu bila sisi kuifungulia.

Tunaona watoto wanaobeba mizigo bandarini, wanaouza maji sokoni saa za darasa, wanaochimba almasi. Tunawaona pia majumbani mwetu: mtoto wa ndugu wa kijijini, aliyeletwa mjini kwa ahadi ya shule, anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Tunasema tumemsaidia. Stanley naye angeweza kusema hivyo.

Basi kila baraza la wazee, kila kundi la akina mama, liulize juu ya kila mtoto aliyepokelewa nyumbani: Anasoma? Anapumzika? Wazazi wake wanapata habari zake? Kama majibu ni hapana, tusimsubiri mkaguzi wa serikali. Tumwandikishe shuleni muhula huu, na kama anatamani kwao, tumlipie nauli ya mtumbwi arudi.